Punje Mbili Katika Ganda Moja

Ukipanda mlima kutoka Muhutwe hadi Kamachumu, mkoani Kagera, na kukaribishwa kwenye kibanja cha mtu, swali linalofuata salamu halihusu kazi yako wala safari yako. Mwenyeji anataka kujua ukoo. Wahaya huuliza kwanza oluganda, kisha omuziro, yaani mwiko wa ukoo huo: mnyama, samaki au kitu kingine ambacho watu wake hawakigusi. Akishapata majibu hayo mawili anajua akuweke wapi. Wewe ni shemeji, ni mtani, ni mjomba wa mbali, au ni mtu wa kuangaliwa kwanza.

Mzee mmoja wa huko aliniuliza swali hilohilo kuhusu mnyauko wa migomba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, nyuma yake mgomba umeinamisha majani ya manjano kama mwavuli uliovunjika. "Nyie mnaosoma vijidudu," akasema, "huyu ni wa ukoo gani?" Nikamjibu kwa haraka ya mtu aliyezoea kutoa semina: "Ametoka Ethiopia, tata, akapitia Uganda." Akatikisa kichwa. "Hiyo ni njia aliyopita. Mimi nimekuuliza ukoo."

Alikuwa na haki. Nimeliandika jibu lake mara nyingi kichwani tangu siku ile, na kila mara linakuwa refu kuliko nilivyodhani, kwa sababu bakteria hana ukoo kwa maana ile tunayoijua sisi.

Tuanze na njia, kwa kuwa hiyo ndiyo rahisi. Mwaka 1968 watafiti walimweleza bakteria huyu rasmi kutoka kwenye enseti, binamu ya mgomba ambayo Waethiopia hula shina lake. Mwaka 1974 akaripotiwa kwenye ndizi zenyewe, hukohuko Ethiopia. Kisha kwa zaidi ya miaka 25 hakusikika nje ya nchi ile. Mwaka 2001 akaibuka Uganda, wilaya ya Mukono, na wakati huohuo Masisi, Kivu Kaskazini. Rwanda ikafuata mwaka 2005. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Kenya na ya kwetu, na kwa Tanzania wilaya ya kwanza kutajwa ilikuwa Muleba, ambamo Kamachumu imo. Burundi ilithibitishwa mwaka 2010.

Dalili zake mkulima wa Kagera hahitaji kufundishwa. Jani linanyauka kama lililomwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua nyama ya ndani ina kutu ya kahawia. Ukikata shina, baada ya dakika chache linatoa usaha wa manjano hafifu. Matone hayo ni bakteria watupu, mabilioni yao, waliojazana kwenye mirija inayopandisha maji. Mgomba unakufa kwa kiu huku mvua inanyesha.

Ukoo sasa. Kwa muda mrefu alibatizwa Xanthomonas campestris, jina lililomweka karibu na bakteria wa kabichi. Uchunguzi wa DNA ulionyesha kuwa ubatizo huo ulikuwa makosa, na mwaka 2020 akahamishwa rasmi kwenda Xanthomonas vasicola. Ndugu zake wa damu hawashughuliki na ndizi kabisa. Mmoja anaishi kwenye mtama, mwingine kwenye miwa na mahindi. Kwa uzao, basi, mharibifu wa vibanja vya Kamachumu ni mtoto wa ukoo wa nyasi. Ningemwambia mzee hivyo na ningekuwa nimesema kweli, lakini nusu tu ya kweli.

Nusu ya pili ilianza kuonekana mwaka 2010. Kundi la watafiti likiongozwa na David Studholme wa Uingereza lilisoma DNA ya bakteria wa mnyauko aliyechukuliwa Uganda, likaiweka sambamba na ya ndugu yake wa miwa, ambaye ukimchoma kwenye mgomba hasababishi ugonjwa. Walitafuta silaha, maana bakteria wa jamii hii ana kitu kama sindano ndogo anachokitumia kuingiza protini ndani ya seli ya mmea ili kuzima kinga yake. Baadhi ya protini hizo zilifanana na za Pseudomonas syringae. Nyingine ilifanana na ya Ralstonia solanacearum, yule anayenyausha nyanya na viazi mviringo. Watafiti wakaandika pia kuwa waliona ushahidi wa DNA kupita kati ya ukoo wa vasicola na bakteria walio mbali naye sana, hata wa migawanyiko mingine kabisa ya kundi kubwa liitwalo Proteobakteria.

Neno "mbali sana" linahitaji kupimwa, vinginevyo halina uzito. Xanthomonas na Ralstonia waliachana zamani kiasi kwamba ukilinganisha, mimi na sato wa Ziwa Victoria ni ndugu wa juzi. Sato na mimi hatupeani jeni. Hata mbuzi na kondoo wanaolala zizi moja kila usiku hawapeani. Hawa wawili walio mbali kupita sisi na samaki, wanapeana.

Wazee wa Kihaya walikuwa na taasisi inayonisaidia kulieleza jambo hili kuliko mchoro wowote wa darasani. Waliiita omukago, na Kiswahili huiita udugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanjwa karibu na kitovu, wakapasua tunda la kahawa, na kwa kuwa tunda moja lina punje mbili zilizolala uso kwa uso, kila mmoja akachukua punje yake, akaipaka damu, akampa mwenzake aitafune. Tangu hapo walikuwa ndugu. Aliyetoka Kamachumu angeweza kulala salama kwenye kibanja cha mwenziwe aliye mbali, na deni la mmoja likawa aibu ya mwingine. Undugu huo haukupitia tumboni mwa mama.

Bakteria ana uzao, kama sisi: mmoja anagawanyika kuwa wawili, wawili kuwa wanne, na kila mtoto anabeba DNA ya mzazi. Juu ya uzao huo ana omukago. Anapokea vipande vya DNA kutoka kwa asiye wa ukoo wake, na akishavipachika, watoto wake huvirithi kana kwamba vilikuwa vya babu.

Milango ya kuingilia inajulikana. Wa kwanza uligunduliwa London mwaka 1928, pale Frederick Griffith alipoona bakteria wa nimonia wasio na madhara wakigeuka wauaji baada ya kuchanganywa na wenzao waliokwisha kufa. Kitu fulani kilitoka kwa maiti kikaingia kwa walio hai, na mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake walionyesha kuwa kitu hicho ni DNA. Wa pili ni wa kugusana: mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walithibitisha kuwa bakteria huungana na kupitisha urithi. Mwenye plasmidi, pete ndogo ya DNA iliyo pembeni ya kromosomu, huunda mrija hadi kwa jirani, uzi mmoja wa ile pete hukatwa na kusukumwa ndani, na kila upande hujaza uzi unaokosekana. Mtoaji hapungukiwi kitu. Mlango wa tatu ni virusi wanaowashambulia bakteria, ambao wakati mwingine hufungasha kimakosa kipande cha DNA ya mwenyeji wao na kukishusha kwa mwingine.

Kuingia, hata hivyo, si kukaa. Hapa ndipo simulizi nyingi za jeni zinazohama huishia, na hapa ndipo mambo yanapovutia zaidi. Plasmidi ikitua ndani ya mwenyeji wa mbali, mara nyingi haisomeki. Kila plasmidi ina mahali ambapo mashine ya kunakili DNA hushika ili kuanza kazi, na mashine ya mwenyeji huyo huenda isipatambue. Isiponakiliwa, seli inapogawanyika mtoto mmoja anaipata na mwingine anaikosa, na baada ya vizazi vichache imepotea kama mgeni aliyelala kibarazani akaondoka alfajiri. Ili kipande kidumu ndani ya asiye ndugu, kwa kawaida lazima kiingie kwenye kromosomu yenyewe.

Njia ya kawaida ya kuingia humo ni kufanana. Seli ina vimeng'enya vinavyotafuta DNA inayolingana na ya kwake, herufi kwa herufi, na kubadilishana vipande. Kati ya ndugu hufanya kazi vizuri. Kadiri herufi zinavyotofautiana, uwezekano unashuka kwa kasi, na kati ya Ralstonia na Xanthomonas ni mdogo mno. Ndiyo maana wasafiri wa mbali hubeba fundi wao.

Fundi wa aina ya kwanza ni transposoni. Hiki ni kipande cha DNA chenye jeni ya kimeng'enya kinachojua kukikata chenyewe na kukibandika pengine, na hakijali sana mahali kinapotua. Barbara McClintock ndiye aliyeona jeni zinazorukaruka namna hii, kwenye punje za mahindi, akakaa miongo mingi bila kueleweka hadi alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1983. Kwenye bakteria transposoni hupanda plasmidi kama abiria anavyopanda daladala. Plasmidi inaweza kufia ndani ya mwenyeji wa mbali kwa kukosa kunakiliwa, lakini kabla haijafa abiria ameshashuka na kujenga.

Fundi wa aina ya pili ana adabu zaidi. Ni integrasi, kimeng'enya kinachotafuta anwani maalumu kwenye kromosomu na kupachika mzigo hapo tu. Anwani inayopendwa ni mwisho wa zile jeni zinazotengeneza RNA wachukuzi, wale wanaobeba amino asidi kwenda kujenga protini. Kuna sababu ya busara. Hakuna kiumbe kinachoishi bila wachukuzi hao, hivyo jeni zao hazijabadilika sana tangu enzi na enzi, na mgeni akifika kwa bakteria wa mbali anakuta anwani ileile aliyoiacha kwao. Zaidi ya hapo, mzigo wenyewe hubeba nakala ya ule mwisho wa jeni, kwa hiyo ukipachikwa, jeni ya mwenyeji inakamilika tena na kuendelea na kazi. Nyumba imeongezwa chumba bila ukuta kubomoka. Wataalamu wa DNA wakitaka kukagua kama bakteria ana mali ya kigeni, mahali pa kwanza wanapochungulia ni hapo.

Alama ya pili ya ugeni ni lafudhi. DNA ina herufi nne, na kila ukoo una mazoea yake ya kuzitumia. Kwa Xanthomonas, herufi G na C ni zaidi ya 60 kwa mia. Ukisoma kromosomu yake ukafika mahali ambapo G na C zimepungua ghafla, kisha zikarudi, ni kama kumsikiliza mtu wa Bukoba anayesimulia vizuri halafu katikati ya sentensi akateleza kwa lafudhi ya Tanga. Kipande kile kimetoka kwingine. Baada ya muda mrefu sana lafudhi huyeyuka, na mgeni wa kale hawezi kutambuliwa kwa njia hii tena.

Mwenyeji naye hakai tu. Bakteria wengi wana mikasi inayokata DNA yoyote isiyo na chapa ya nyumbani. Wengine hutunza kumbukumbu ya virusi waliowahi kuwashambulia, mfumo unaoitwa CRISPR, na wanamshambulia mgeni anayefanana na adui wa zamani. Wako pia wenye protini za kuifunika DNA yenye lafudhi ngeni ili isisomwe. Kwa kila kipande tunachokikuta kimekaa, visivyohesabika vilikatwa, vilipotea au vilikaa bila faida vikafutwa. Omukago wa bakteria ni nadra. Unaonekana mwingi kwa sababu wao ni wengi na muda wao ni mrefu.

Niseme pia mfano wangu unapochechemea. Wachanjaji wawili waliridhiana. Plasmidi haiombi ridhaa ya mtu, na haisafiri kwa faida ya mwenyeji. Ni msafiri mwenye shauri lake, na silaha au kinga anayoibeba ni nauli tu inayomfanya apokewe.

Sasa nirudi kwenye lile chapisho la mwaka 2010, kwa sababu nimesikia likitumiwa vibaya. Simulizi tamu ingekuwa hii: bakteria wa nyasi aliiba silaha kwa Ralstonia, akawa muuaji wa ndizi. Ukisoma kwa makini, haisimami. Zile silaha zinazofanana na za Pseudomonas na za Ralstonia zimo kwa wote wawili, wa ndizi na wa miwa. Kama ziko kwa asiyeugusa mgomba, haziwezi peke yake kuwa ndizo zinazouua. Tofauti za ndugu hawa ziko kwingine: orodha zao za silaha zinaingiliana bila kulingana, sukari zinazofunika ngozi zao si sawa, vinyweleo vya kujishikiza si sawa, na kwenye sehemu ya kromosomu wanayoshirikiana kuna maelfu ya herufi zilizobadilika. Mali ya kigeni iliingia ukoo huu mapema, kabla ya ndugu kugawana mazao. Ilikuwa mtaji wa nyumba nzima.

Ukitaka kuona ukoo huohuo ukiendelea kuchanjana katika siku zetu, tazama Marekani. Ndugu wa miwa na mahindi alitambuliwa rasmi kwenye mashamba ya mahindi ya huko mwaka 2016, na DNA yake ilipolinganishwa na ya wenzake wa Afrika Kusini, wale wa Amerika walikutwa na kundi la jeni lenye dalili za kuletwa na virusi vya bakteria. Bahari imevukwa, na njiani mtu ameongeza mzigo.

Wa kwetu, kinyume chake, ni mkavu. Mwaka 2012 Arthur Wasukira wa Uganda na wenzake walisoma DNA za bakteria wa mnyauko kutoka nchi kadhaa za ukanda huu. Kwenye kromosomu yenye herufi zaidi ya milioni nne, tofauti walizozikuta sehemu ya pamoja hazikufika mia. Walipanga makundi mawili tu: moja lenye sampuli za Ethiopia, Kongo na Rwanda, jingine lenye za Uganda, Kenya na Tanzania. Maana yake kwa Kamachumu ni nzito. Aliyeangusha vibanja hakuwa bakteria aliyejifunza jambo jipya alipofika Kagera. Alifika akiwa tayari, akanakiliwa vilevile alivyo, kutoka Izigo hadi Karagwe.

Kilichomnakili ni panga. Panga linapogonga shina lenye ugonjwa na kisha kupunguza majani ya mgomba wa pili, linahamisha usaha. Nyuki na nyigu wanaotembelea ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, wanafanya vivyo hivyo, na ndizi za pombe kama kainja zilishambuliwa zaidi kwa njia ya ua. Chipukizi alilopewa shemeji kama zawadi lilibeba ugonjwa kabla halijaonyesha jani moja la manjano. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha wilaya ambapo msemaji alitumia saa nzima kuonya kuhusu "aina mpya kali" ya mnyauko, na watu wakatoka wakiamini kuwa hakuna la kufanya mpaka maabara itoe dawa. Hasara ya hotuba ile naiona kubwa kuliko ya mwezi mzima wa mvua ya mawe. Jeni zilizohama zinaeleza silaha ilitoka wapi. Hazielezi kwa nini tulishindwa mwaka 2006 na miaka iliyofuata.

Upande wa pili wa pambano ni mgomba wenyewe, na hapo ndipo huruma inapokuja. Ndizi zetu za kupika, enchoncho, enshakala na nyinginezo, zina seti tatu za kromosomu na hazina mbegu. Mgomba hauzai. Chipukizi ni mama yake yuleyule aliyehamia hatua mbili pembeni, na bibi yake, na bibi wa bibi, kurudi nyuma hadi chipukizi zilizoletwa Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita. Tofauti tunazozila, ladha hii na ile, ni mabadiliko madogo madogo yaliyotokea njiani na kuchaguliwa na mama zetu. Mgomba hauna uzao wa kweli na hauna omukago. Bakteria anavyo vyote viwili. Hakuna ndizi ya kupika ya asili ya Kagera inayohimili mnyauko. Kinga imekutwa kwa jamaa wa porini, Musa balbisiana, ambaye tunda lake limejaa kokwa.

Mzee wangu wa kigodani alikuwa ameshafikiria dawa. Akatoa mfukoni vidonge vya rangi mbili, tetrasaiklini. Alitaka kutoboa shina na kuvimimina. "Vinaponya watu," akasema. Nilimwomba asifanye hivyo, na sababu yenyewe iko katika historia ya nchi hii.

Mwaka 1977 kipindupindu kiliingia Tanzania kwa wimbi la nne. Tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wasioumwa ili kuwakinga. Mwanzoni vimelea vyote viliuawa nayo. Fred Mhalu wa Muhimbili na wenzake wakaripoti katika jarida la Lancet mwaka 1979 kuwa baada ya miezi mitano ya matumizi hayo, karibu robo tatu ya vimelea walivyovipima vilikuwa sugu. Usugu ulikuwa umepanda plasmidi. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka msomaji aione: mnyauko umekaa miaka mingi bila kubadilika kwa sababu hakuna kilichousukuma, na kipindupindu kilibadilika ndani ya nusu mwaka kwa sababu kila asiye na plasmidi aliuawa na dawa.

Ukimimina tetrasaiklini kwenye shina la mgomba, humfikii Xanthomonas peke yake. Unawachuja bakteria wote wa kibanja, wa udongo, wa samadi, wa mtaro unaopita jikoni, na unawabakiza wenye kinga. Jambo hili limeshaonekana kwenye mashamba ya matofaa ya Marekani, ambako streptomaisini ilipuliziwa kupambana na bakteria wa maua. Transposoni yenye kinga dhidi ya dawa hiyo ilielezwa mwaka 1993 kutoka kwa bakteria huyo wa matofaa, na hiyohiyo au za jamii yake zimekutwa kwa Pseudomonas na kwa Xanthomonas. Jeni hizo za kinga zimo pia kwenye plasmidi za bakteria wanaosababisha magonjwa kwa watu. Kati ya kibanja na wodi ya hospitali ya Ndolage hakuna ukuta ambao plasmidi inauheshimu.

Kuna njia nyingine ya kumpa mgomba urithi usiokuwa wake, na hiyo inawagawa watu vikali. Leena Tripathi na wenzake wa taasisi ya IITA waliingiza kwenye ndizi jeni mbili za pilipili hoho zinazoamsha kinga, wakazipanda kwenye shamba la majaribio la Kawanda, Uganda, kuanzia mwaka 2010. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha baadhi ya migomba hiyo ikisimama bila kunyauka palepale migomba ya kawaida ilipoanguka. Kwetu upepo ulivuma kwingine: Novemba 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mahindi ya aina hiyo huko Makutupora, Dodoma.

Aliyebeba jeni ya pilipili kuiingiza kwenye ndizi hakuwa mwanasayansi mwenye sindano. Alikuwa bakteria, Agrobacterium, ambaye kwa maumbile hutoboa mmea na kuupenyezea kipande cha plasmidi yake kwa mrija wa jamii ileile wanayoitumia bakteria kupeana plasmidi wao kwa wao. Watu walibadilisha mzigo tu. Na bakteria huyo hakungoja maabara. Mwaka 2015 ilichapishwa kuwa aina zote 291 za viazi vitamu vya kulimwa zilizopimwa zina DNA ya Agrobacterium ndani yake, iliyoingia zamani na kurithiwa. Kile kiazi cha kuchemsha anachokula mtoto wa Kamachumu kabla ya kwenda shule ni mmea uliochanjana na bakteria.

Kwa hiyo hoja kwamba damu za mbali hazichanganywi na Mungu hakupenda, siikubali. Imeshajibiwa na kiazi. Hoja ya nani atamiliki chipukizi naikubali sana, maana katika Kagera chipukizi halijawahi kuuzwa kwa hati, linaombwa kwa jirani. Na kuna hoja ya tatu ambayo sijaisikia ikisemwa vya kutosha. Tukiweka kinga ya jeni moja kwenye kila kibanja kutoka Bukoba hadi Ngara, tutakuwa tumempa bakteria msukumo ambao hajawahi kuupata tangu afike, uleule ambao tetrasaiklini ilikipa kipindupindu. Huyu mkavu, asiyebadilika, atakuwa na sababu ya kutafuta wa kuchanjana naye, na kwenye shina linalooza hakosi wenzake. Jeni mbili au tatu zinazofanya kazi kwa njia tofauti zingemwia vigumu zaidi. Kama siku moja watafiti wa kituo cha Maruku wataruhusiwa kupanda ndizi za namna hiyo, ningependa wazipande zenye kinga zaidi ya moja, au wasizipande.

Mpaka hapo kazi ni ileile ambayo mabwana shamba wamekuwa wakiisema: ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa, shina lenye ugonjwa likatwe chini mara linapoonekana, chipukizi lisitoke kwenye kibanja kilichougua, chuma kipitishwe motoni au kwenye jiki kabla ya kuhamia shina jingine. Inachosha, na haina picha nzuri ya kuweka gazetini.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, vidonge vikiwa bado mkononi. "Kwa hiyo hana ukoo," akasema.

"Anao, tata. Ni wa watu wa mtama na miwa. Ila amechanjana na wengi, tangu kabla ya sisi."

Akavirudisha vidonge mfukoni, akafikiri. "Hata aliyechanjana na wengi ana omuziro. Kitu gani hakigusi?"

"Moto," nikamwambia.

Akageuka kuelekea jikoni, akamwita mjukuu alete lile panga waliloazima kwa jirani tangu juzi, na makaa.